Pindo la Kitenge cha Mama

Dada Zawadi,

Shikamoo. Joto la Bujumbura ni la kukamua shati, na nimewakumbuka sana. Leo nimeona kitenge kama cha mama, kile cha majani ya mpapai, kimetandazwa ukuta mzima kwenye duka moja la Kanyosha. Nikataka kukinunua. Mwenye duka akakataa: "Apana, hii mi siuzishi. Kampuni iliachaka kuichapa zamani. Ona maandishi ku pindo, njo inaonesha ni ya kweli."

Kumbe ndiyo maana mama alikivaa maandishi yakionekana, nasi tukimcheka! Tena siku tulipomzika nacho tukayakata, eti apendeze.

Wabusu watoto. Na ule ukanda tuliokata, dada, kama bado umo kwenye kopo la vifungo, nitunzie.

Mdogo wako,
Neema