Nenda Malta na Magoti Yako

Kinondoni,
Dar es Salaam,
6 Agosti 1972

Mpendwa mdogo wangu Jovina,

Hapana, usiwajibu masista kwamba huendi. Bado. Mwache baba yako, Baba Mdogo Didas, aseme yote aliyo nayo, nawe nyamaza, uendelee kuanika kahawa kama vile hujasikia kitu.

Tazama nilivyo, nimeanza na shauri kabla ya salamu! Hamjambo hapo Kamachumu? Kifua cha Mama Mdogo kimepungua? Bibi Anastasia bado anafukuza kuku kwa fimbo yake? Sisi ni wazima, tena zaidi ya wazima. Ndoa ni tamu, Jovina. Revelian akirudi kutoka shuleni anakofundisha huniita jina langu tangu barabarani, nami huacha kila nilichoshika. Jana niliacha wali. Jirani yetu Mwanakombo akapiga kelele uani, "Bi harusi, mume haungui, wali unaungua!" Tuliula hivyo hivyo, na Revelian akaapa kuwa hajapata kula ukoko mtamu kama ule.

Barua yako nimeisoma na Revelian. Umepata nafasi ya kusomea uuguzi Malta, chuo kile kile nilichosoma mimi, na Baba Mdogo amekataa. Anasema msichana akikaa kwa Wazungu hurudi akiwasalimu wazee wima, amenyoosha mkono. Tena mfano wake ni mimi: nimerudi, nimeolewa huku huku pwani wakati wa mavuno ya kahawa asiweze kuja, na hadi leo sijatia mguu nyumbani. Niliumia, nisikufiche. Lakini hayo ni maneno ya mzazi anayeogopa kupoteza mtoto. Usimkasirikie.

Wewe jiandae tu. Malta ni kisiwa kidogo, nyumba zake za mawe ya rangi ya asali, na mto hakuna hata mmoja. Maji ya bomba yana chumvi kidogo, kwa hiyo chai yako ya kwanza usiimwage ukidhani umekosea kopo la sukari. Nunua soksi nene mapema, maana mwezi wa Januari baridi hutoka ndani ya kuta na nguo hazikauki. Ndizi za kupika usizitafute, utajipa huzuni bure. Kula mkate wao wa ganda gumu, waliousugua nyanya na kuumwagia mafuta ya zeituni. Mimi nauota mpaka leo, na Revelian anauonea wivu.

Sokoni usiogope. Lugha yao ina Kiarabu kingi. Nilipomsikia mama muuza samaki akihesabu, sita na saba zake karibu sawa na zetu, machozi yalinilengalenga. Hata Mungu wanamwita Alla, humo humo kanisani! Jumapili ya kwanza nilichungulia nje kuona kama juu kuna msalaba. Na sikukuu za watakatifu wao hulipua fataki mchana kweupe. Usijifiche chini ya kitanda kama mimi.

Sasa hili la magoti. Siku niliyofika, masista walinipeleka kupanga chumba kwa mjane mmoja, Bi Karmena. Alifungua mlango amevaa nguo nyeusi, mzee kama Bibi Anastasia, na miguu yangu ikajikunja yenyewe. Nikapiga magoti pale mlangoni nimsalimu. Maskini, alidhani nimezirai! Alipiga mayowe, majirani wakashuka ngazi mbio, nikabebwa mpaka kitandani na kunyweshwa mchuzi wa kuku huku nikijitetea kwa Kiingereza wasichokisikiliza.

Sista alipomweleza kwamba kwetu ndivyo binti anavyomwamkia mzazi, Bi Karmena alikaa kando ya kitanda akalia. Watoto wake wote walikuwa wamehamia Australia. Tangu hapo sikuwa mpangaji tena, nilikuwa binti yake. Kila asubuhi alinisubiri mlangoni nimwamkie ndipo niende hospitali. Na siku ya kuondoka kwangu, yeye mwenyewe alianza kukunja magoti yake mabovu aniage. Nilimwahi, tukakumbatiana.

Kwa hiyo nenda na magoti yako, Jovina. Kule hayakunipotea, ndiyo yaliyonipatia mama.

Lakini Baba Mdogo si mtu wa kusomewa, ni mtu wa kuona. Nilipomwambia Revelian hivyo, hakuuliza mara mbili. Ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu, nami nimebadilishana zamu na mwenzangu hospitalini. Alinicheka tu: "Wewe unayempigia magoti hata muuza mkaa, ndiye wa kuogopwa?" Jinsi ninavyompenda mtu huyu!

Mwamkie Mama Mdogo kwa niaba yetu, na Bibi Anastasia mwambie nimemnunulia khanga. Mungu awalinde wote, na mavuno yakauke kabla ya mvua.

Kwa Baba Mdogo usipeleke salamu zangu. Hizo naja nazo mwenyewe. Tutashika treni mpaka Mwanza, halafu meli, na kabla mwezi huu haujaisha utaniona nikiingia uani kwenu. Sitatua mzigo wala sitakukumbatia kwanza. Nitapiga magoti mbele yake hapo hapo kwenye kahawa iliyoanikwa, na sitainuka mpaka anyooshe mkono kuniinua.

Wako akupendaye kuliko jana,
dada yako Demetria