Nimemtangaza Mke Wangu kwa Kiingereza Asichokijua

Mshauri wetu, kama umenizidi umri shikamoo, na kama nimekuzidi mimi basi habari za kazi. Nakuomba unisaidie upesi, kwa sababu Jumamosi inakuja na mdomo wangu umeshaniponza, na bila ushauri wako sijui nitauweka wapi uso wangu mbele ya wakwe wa mwanangu.

Mimi ni seremala, natengeneza vitanda, makabati na milango, na kazi yangu inajisemea yenyewe, sina haja ya kujisifu. Shule sikufika mbali. Kiingereza nakisikia tu kikipita. Mke wangu naye aliishia njiani kama mimi, lakini huyu mwanamke, mshauri, ana kichwa, na nataka ulijue hilo kabla sijafika kwenye kosa langu, maana nikianza na kosa utadhani nimeoa mtu wa hivi hivi.

Anauza katika duka la vitu vya nyumbani, kuanzia sabuni, miswaki, mataulo na vitana hadi ndoo, mifagio na vibanio vya nguo, kila kitu cha kuogea na kufulia utakipata pale. Jirani na duka kuna jengo walikopangishiwa wageni wa mradi wa barabara, watu wa nchi za mbali, Kiswahili hawajui hata cha salamu, wakiingia dukani wananyoosha vidole, wanafanya ishara za kupiga mswaki, ishara za kufagia, na mwenye duka akiwaona tu anakumbuka ana kazi stoo. Mke wangu hakukimbilia stoo. Alikuwa anashika kitu, anamtazama mgeni, mgeni anakitaja, yeye anarudia, mgeni anamsahihisha, anarudia tena, wanacheka wote, na jioni akirudi nyumbani anaosha vyombo huku mdomo unakwenda, tuthibrashi, tuthipesti, taweli, komu, bakiti, brumu, mara anatandika kitanda ameshika foronya anasema pilokesi, mara ameuona wembe wangu anasema reza, mpaka nikawa naoga najiona kama nimepanga nyumba ya ng'ambo.

Siku moja nilikwenda kufunga shelfu pale dukani, wakaingia wageni wawili. Walitaja vitu mfululizo bila kunyoosha kidole hata mara moja, na mama watoto akawa anavichukua kimoja kimoja na kukitaja anapokiweka mezani, hakukosea hata kimoja, na kile ambacho hakikuwepo alitikisa kichwa akakitaja vile vile. Wageni wakafurahi, mmoja akampa mkono. Mwenye duka amesimama kama nguzo. Mimi nina drili mkononi, nimesahau nilikuwa natoboa wapi. Kifua kilinijaa, mshauri. Nilitamani kumwambia kila mtu aliyepita pale nje kwamba huyu ni wangu.

Na kweli nikawaambia. Karakana nzima niliiambia kwamba mke wangu anaongea Kiingereza kama maji. Nikamwambia kinyozi. Nikamwambia jirani yangu makanika, ambaye tangu bintiye apate kazi ya ofisini hatupumui, na kwa huyo niliongeza chumvi kidogo, nikasema wageni wakigombana wao kwa wao ni yeye anayewasuluhisha.

Sasa mwanangu wa kwanza, fundi umeme, amepata mchumba, binti mzuri wa tabia, wazazi wake watu waliosoma, baba mwalimu mkuu mstaafu na mama muuguzi. Tulikwenda kwao kujitambulisha, mimi na kaka yangu mkubwa, mke wangu alikuwa kazini. Tukapokewa vizuri sana, tukakubaliana Jumamosi hii waje kwangu. Mwalimu akasema watakuja na shangazi wa binti, amerudi kutoka nje na mume wake, na huyo mume Kiswahili hajui, lakini tusijali, shangazi mwenyewe atamtafsiria. Hapo nilitakiwa niseme sawa mzee. Lakini nilikuwa nimekaa nalitazama kabati lao la vitabu limejaa mpaka juu (milango yake imekaa upande, ila sikusema), nikaona hawa wanatuona sisi ni watu wa randa na msumari tu, nikajikuta nasema, "Shangazi apumzike. Mama watoto wangu yupo. Atamkaribisha huyo bwana kwa Kiingereza, na atamtafsiria mazungumzo mwanzo mpaka mwisho."

Hakuna aliyeniuliza, mshauri. Kaka yangu akakohoa, akasema, "Una uhakika?" Nikamkanyaga mguu.

Nilitaka nitafute siku nzuri ya kumwambia mke wangu, lakini mama wa binti akapiga simu kabla yangu, kushukuru. Mke wangu alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Asante mama, tutafurahi kuwaona," akaweka simu, akaendelea kukunja nguo mpaka kapu likaisha. Kisha akaniita.

"Baba watoto, umewaambia watu najua Kiingereza?"

"Kwani hujui?"

"Najua majina ya vitu vya dukani. Mswaki naujua, ndoo naijua. Huyo bwana akiniuliza hali yangu nimjibu ndoo?"

Nikacheka. Wallahi sikukusudia, ilinitoka. Yeye hakucheka. Akasema, "Umenisifu kwa nisichokijua. Ninachokijua hujawahi hata kuniuliza." Akasema Jumamosi atakwenda dukani kama siku zote, na hao wageni niwapokee mwenyewe kwa Kiingereza changu.

Tangu siku hiyo chakula napewa, nguo napigiwa pasi, lakini maneno yanakuja kupitia kwa watoto. "Mwambieni baba yenu maji yapo bafuni." Na linaloniuma zaidi ni kwamba hataji tena vitu vyake. Anaosha vyombo kimya. Nyumba imepooza, na nimegundua nilikuwa naipenda ile kelele.

Mwanangu naye kaja juu, anasema mama asipokuwepo hakuna kikao, na kweli, wazazi wa binti waje kwetu wamkute mama wa bwana harusi yuko dukani anauza sabuni, si watasema tumewadharau? Kaka yangu anashauri tumfunge kitambaa shingoni, tuseme sauti imempotea. Mimi nimewaza kuahirisha, niseme nimejikata na msumeno. Au labda unifundishe namna ya kumbembeleza ashike japo sentensi chache kabla ya Jumamosi, kwa sababu kichwa anacho, akikaza anaweza. Nakuomba usinitukane sana, nina fahari na mke wangu na hilo ndilo lililonifikisha hapa.

Ni mimi, Seremala Niliyejipigilia Msumari.

MSHAURI ANAJIBU

Fundi, shikamoo yako nimeipokea, umri wangu usiulize. Barua yako niliisoma mara ya kwanza nikacheka mpaka wenzangu ofisini wakageuka. Niliporudia sikucheka.

Hebu nikuulize. Akija mtu karakana kwako akakutajia randa, msumeno, msasa na bawaba bila kukosea, utamkabidhi mbao za mteja atengeneze kabati? Utamwambia, ndugu yangu, umejitahidi, shika kwanza ufagio. Mbona mkeo umemkabidhi kabati zima la watu, tena bila kumuuliza?

Na usinielewe vibaya, alichonacho mkeo sikidharau hata chembe. Mwanamke mzima anasimama mbele ya wageni, anasahihishwa mchana kutwa mbele za watu, anacheka nao, kesho anarudia, wakati bosi wake kajificha stoo. Wengi wetu tukisahihishwa mara moja tunanuna wiki nzima. Huo ni ujasiri, na wewe uliuona kwa macho yako. Ulichokiona pale dukani kilitosha, fundi! Kilitosha kabisa kumwambia mwalimu mkuu na shangazi na huyo bwana wa shangazi. Wewe ukaona hakitoshi, ukakiongezea chumvi. Kwa nini? Umelisema mwenyewe. Uliona vitabu ukajiona mdogo, ukamsukuma mkeo mbele akukinge. Hapo hukuwa unamsifu mkeo. Ulikuwa unajisifu wewe, kwa kinywa kikubwa na jasho la mwenzio.

Tena shangazi wa watu yupo, anaongea na mumewe kila siku iendayo kwa Mungu, wewe unamwambia apumzike. Alikwambia amechoka?

Mambo ya kitambaa shingoni sitaki kuyasikia. Yaani aliyesema kweli afungwe shingo, na aliyesema uongo abaki anaongea na wageni? Kaka yako umsalimie, umwambie mguu uliomkanyaga ulikuwa na akili kuliko ushauri huo. Na msumeno wako uache utulie, haujakukosea. Leo utasema umejikata, wiki ijayo watakuja kukupa pole, utawaonyesha kidonda gani?

Kumfundisha sentensi kabla ya Jumamosi ndiyo kabisa usithubutu. Lugha ameianza kwa raha yake, kwa kuosha vyombo na kutandika kitanda. Ukimkalisha sasa umkaririshe ili akuokoe wewe, utakuwa umeiua, na hiyo kelele unayoipenda hutaisikia tena.

Sasa sikia utakalofanya. Ukishamaliza kusoma gazeti hili, mpigie simu mwalimu. Wewe, si kaka yako. Mwambie hivi: "Mzee, siku ile nilisema zaidi ya ukweli. Mke wangu anajua majina ya vitu vya dukani kwake, kajifunza mwenyewe kwa wateja, na mimi namwonea fahari. Kutafsiri hajui, na hakunituma nimsemee. Naomba shangazi amtafsirie mumewe kama ulivyosema." Basi. Usianze kumweleza habari za drili. Atacheka, mwache acheke, mtu aliyeongoza shule ameshasikia vituko vikubwa kuliko chako. Watu hawavunji uchumba kwa sababu ya baba mwenye domo, fundi. Lakini mama akisusa siku ya wageni, hapo watajiuliza binti yao anaingia nyumba ya namna gani.

Makanika na kinyozi pia uwarudie. Ulipopaka rangi ndipo utakapokwangua. Makanika atakusimanga mwezi mzima, na wewe utavumilia kwa sababu umejitakia.

Ukishamaliza hao ndipo uende kwa mkeo, ili akusikie ukiwa umekwisha kulisafisha jina lake, si unaahidi kulisafisha. Nenda mwenyewe, usimtume mtoto. Usimwambie ulikuwa unatania. Usimwambie ni mapenzi yalikuzidi, hata kama ni kweli, kwa sababu mapenzi hayo yalimfanya akae na simu mkononi akisema asante kwa jambo asilolijua. Mwambie umemkosea, kisha unyamaze. Kama Jumamosi bado anataka kwenda dukani, usimshike mkono. Ila sidhani kama atakwenda. Mama gani hataki kuwapokea wakwe wa mwanaye siku hiyo? Alichokuwa anakimbia si wageni, ni aibu uliyomwandalia.

Na Jumamosi yenyewe, wageni wakikaa, mtambulishe kwa maneno machache: huyu ni mke wangu, mama wa kijana. Nukta. Akimpa mgeni taulo afute mikono na akapenda kulitaja kwa lugha ya mgeni, ni hiari yake. Asipopenda, ni hiari yake pia. Usimkodolee macho kama mtu aliyeweka dau. Ana Kiswahili chake, ana heshima yake, mwanaye anaoa, anazo sababu za kutosha za kukaa kichwa juu bila kuongezewa na wewe.

Bado moja, na hili ndilo lililonifanya nisicheke mara ya pili. Alikwambia hujawahi hata kumuuliza. Wewe umeliandika hilo katika barua ukalipita kama mtu anayepita duka lililofungwa. Rudi hapo. Keti naye muulize lipi lilimsumbua kulitamka, mgeni gani alimvumilia na nani alimcheka, na siku ya kwanza aliwezaje kufungua mdomo wakati bosi wake anakimbia. Usimkatize kwa habari zako. Yatakayotoka humo ni makubwa kuliko yote uliyomsingizia, na hayo ukiyatangaza, kwa ruhusa yake, hata mimi nitakusaidia kuyatangaza.

Maana nimeipekua barua yako, fundi. Karakana umeiambia, makanika umemwambia, wakwe umewaambia, na mimi nisiyekujua umeniambia kurasa nzima. Nilipatafuta ulipomwambia yeye, sikupaona. Kinyozi anajua jinsi unavyomwonea fahari mkeo. Mkeo bado hajui. Kamwambie.