Nyumba Hii Si Ghala

Nyumbani,
Nyuma ya karakana ya seremala,
Jumapili jioni.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu, mimi na mama. Hujambo? Wifi hajambo? Watoto wameizoea baridi ya huko? Sisi tunaendelea. Goti la mama limepoa kidogo, ila bado anashuka ngazi akilalamika. Juzi ulipopiga simu alikusikia mpaka kwenye shikamoo, halafu ukakatika, naye akaendelea kukuhadithia mafua yake wewe umeshapotea zamani. Ndiyo maana nimeona nikuandikie.

Najua baba mdogo ameshakupa yake. Kwamba nimeitia familia aibu mbele ya halmashauri, kwamba mimi mkaidi, sitaki maendeleo. Sasa sikiliza na yangu.

Mtandao nautaka, tena sana. Wateja wangu wa makochi wananitafuta siku nzima hawanipati. Watu wa kampuni ya simu walipokuja kutafuta mahali pa kusimamisha mnara, mimi ndiye niliyewapa maji ya kunywa. Baba mdogo akawapa kona ya kiwanja chake. Kaka, kona yenyewe ni ile iliyo mgongoni mwa jiko letu! Mnara mrefu kuliko jengo lolote mtaani, na mama analala ukuta wa pili.

Sheria ya halmashauri iko wazi. Mnara ukae mbali na nyumba yenye watu, umbali usiopungua urefu wake, ili ukidondoka ulale chini bila kugusa paa la mtu. Na kabla ya kibali kutoka, majirani waitwe wasikilizwe. Basi nikaenda kwenye kikao, na vumbi la sponji kichwani.

Wakabandika ramani ukutani. Nikaitafuta nyumba yetu, nikakuta kiboksi kimeandikwa: ghala, halina wakazi. Nikasimama nikauliza ni nani kanifanya gunia. Mhandisi wa kampuni akajibu taratibu kwamba alikuta baraza imejaa fremu za makochi, akampigia simu mwenye nyumba kumuuliza, naye akasema ndiyo, hakai mtu.

Mwenye nyumba ni wewe, Kaka. Hati ina jina lako.

Niliona haya, sikufichi. Lakini sikukaa chini. Baba mdogo akanivuta gauni, nikamtoa mkono. Nikamwambia mwenyekiti wa kamati waje walione hilo ghala kwa macho yao. Akasema ratiba haina nafasi. Nikasema na mimi sina haraka, nikabaki nimesimama pale pale. Watu wa nyuma wakaanza kucheka, kisha wakadakia, nendeni mkaone, nendeni. Wakaja.

Mama alikuwa barazani anachambua maharage. Mhandisi, maskini, akamweleza kwa heshima zote kilichoandikwa kwenye ramani. Mama akamtazama, akasogeza sinia pembeni.

"Karibuni ghalani," akasema. "Mzigo ndio mimi."

Mwenyekiti akajiketisha kwenye kochi ambalo sijalitia springi, akazama mpaka magoti yakakaribia kidevu. Hakuna aliyethubutu kucheka isipokuwa mama.

Kibali kimesimamishwa. Kampuni haina neno, wako tayari kuuhamishia mnara mwisho wa kiwanja, kule kwenye majani. Anayekataa ni baba mdogo, maana huko anataka kujenga vyumba vya kupangisha. Anajigamba kwamba neno la mwenye nyumba ndilo litakaloamua, na kwamba wewe huwezi kumgeuka. Kamati nayo imetaka uandike mwenyewe, kwa mkono wako, nyumba ina watu au haina. Kikao ni mwisho wa mwezi.

Sijui baba mdogo alikuahidi nini, na sitaki kujua. Labda uliona ni jambo dogo la kumalizia kwenye simu. Nakupenda, lakini kwa hili sikubembelezi. Ukiandika haina watu, nitakupinga mbele ya kamati na mbele ya ukoo mzima, na kitanda cha mama nitakipeleka pale pale wanapotaka kuchimba msingi. Wamchimbue na yeye.

Msalimie sana wifi. Wanangu wabusu wote, na yule kifungua mimba mwambie shangazi yake anataka kusikia ameshika vitabu. Seremala anakusalimu, anasema bado anakukumbuka ulivyomvunjia msumeno.

Mama anakusalimu kuliko wote. Yeye anaamini mhandisi alikosea namba, akampata mtu mwingine. Kila anayekuja hapa anamwambia mwanawe hawezi kutamka maneno kama yale. Sijamwambia kitu. Lakini akiniuliza, Kaka, sitamdanganya.

Mungu akupe afya, na mkono mwepesi wa kuandika.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye na nisiyehama.