Ruhusa ya Kuvuka Daraja

Harlow, Maine
3 Oktoba 2011

Baba mpendwa,

Salamu nyingi kutoka ng'ambo ya mto, huku Amerika. Mimi ni mzima, Dwight naye ni mzima na anakusalimu. Vipi masikio, na vipi ule mguu? Natumaini jirani yetu Odette bado anakuletea supu na wewe bado unajifanya huitaki.

Usikasirike, Baba. Nilikuja kwa wiki mbili tu, unajua, na arusi tuliipanga iwe hapo kwetu Kanada theluji ikiisha. Lakini Ijumaa tulipita ofisi ya mji kuulizia karatasi, na karani ni shangazi yake Dwight. Akasema, "Mnangoja nini, mpaka mto ugande?" Tukaoana palepale, mimi nimevaa jinzi. Nililia kwa sababu hukuwepo.

Sasa naogopa. Wakili anasema kwa kuwa nimeolewa nikiwa huku, niombe ukaazi nikiwa hukuhuku, na nisivuke daraja hata kwa saa moja mpaka nipewe ruhusa. Nikivuka, faili linafungwa na tunaanza upya, mwaka mzima au zaidi, kila mtu upande wake. Mimi niliyevuka daraja hilo kufuata maziwa tangu sijaota meno ya mbele! Na siku ile nilipovuka niliwaambia maafisa wa uhamiaji nakuja kutembea tu. Ilikuwa kweli. Lakini wataniuliza tena, na wakiamini nilidanganya, ndoa haitanisaidia.

Kwa hiyo nakuomba, usiniletee vitu vyangu bado. Na darajani jibu unachoulizwa, basi. Nakujua ulivyo. Ningekupigia simu lakini husikii, na mambo haya siwezi kuyapitisha kwa Odette.

Binti yako,
Mireille

*

Mill Cove, New Brunswick
12 Oktoba 2011

Mwanangu Mireille,

Barua yako nimeipata leo. Siku tisa, kutoka nyumba ambayo moshi wake nauona nikiwa jikoni! Mimi sijambo, mguu ni uleule. Hongera, mwanangu. Mama yako, Mungu amrehemu, angelia nawe, halafu angekugombeza kwa hiyo jinzi. Habari ya ndoa niliipata siku ileile, maana shangazi mtu alimpigia Odette. Umbea hauhitaji pasipoti.

Sasa kaa chini. Umechelewa kunikanya. Juzi Jumatatu, sikukuu ya mavuno, nilipakia kwenye pikapu kabati la bibi yako, makoti yako ya baridi, mitungi ya kachumbari na paja zima la kulungu. Darajani sikumkuta Gary wala yeyote tunayemjua. Kulikuwa na kijana mgeni, wa kusini kwa matamshi yake.

"Mzee, unapeleka nini, na wapi?"

Nikamjibu kama tunavyojibu hapa siku zote. "Namletea binti yangu nusu yake iliyobaki. Ile nyingine mmeshaichukua."

Hakucheka. Akaandika. Akauliza binti gani, anakaa wapi, tangu lini, na alipovuka alikuwa na nia gani. Nikamwambia yote, na mengine nikayatia chumvi ili acheke, kwa kuwa sikujua kuna la kuchunga.

Kisha akatazama kompyuta na kuniuliza habari za mwaka 1974. Sikuwahi kukuambia. Nilikamatwa dansini Moncton na bangi kidogo mfukoni, nikatozwa faini. Miaka thelathini na saba nimevuka nikipungiwa mkono tu, na leo nina karatasi inayosema siruhusiwi kuingia Amerika. Nikageuzwa na kabati langu.

Niambie ukweli, mwanangu. Nimekuharibia?

Babako,
Alcide

*

Harlow, Maine
30 Oktoba 2011

Baba mpendwa,

Nakusalimu, nakutakia afya. Sisi tupo, tunamshukuru Mungu.

Bangi! Wewe uliyenifungia ndani wiki mbili kwa sigara moja! Dwight alicheka mpaka akakaa sakafuni. Mimi nami nilicheka, kisha nikaenda kufunga mapazia yote.

Wakili hakucheka. Anasema maneno yako sasa yamo kwenye mashine yao, na siku ya mahojiano huenda nikasomewa. Fomu tumepeleka hivyo hivyo. Tangu hapo gari likipunguza mwendo mbele ya nyumba, najificha bafuni. Juzi alikuwa msoma mita ya umeme tu. Alibisha hodi, akaondoka, na mimi nikabaki nimejikunja ndani ya beseni la kuogea mpaka Dwight aliporudi kazini. Mtu mzima wa miaka thelathini na mmoja, Baba.

Sitakudanganya, nilikukasirikia siku nne. Zimekwisha. Kosa si lako. Sisi watu wa mtoni tumezoea kulifanya daraja kama uzio wa jirani.

Wewe huwezi kuja, mimi siwezi kuja, lakini mto hauna afisa wa kutuzuia kutazamana. Kila Jumapili saa sita mchana simama kwenye gati la kiwanda cha mbao. Mimi nitakuwa mkabala.

Binti yako anayekupenda,
Mireille

*

Mill Cove
21 Novemba 2011

Mwanangu,

Hujambo? Mkwe wangu hajambo? Mimi nimefurahi kama mtoto.

Jumapili mbili nimekuona! Umenenepa kidogo, usibishe, hata kwa mbali nimeona. Na mwambie Dwight kofia ile ni ya kutishia kunguru. Nilikuona unapiga kelele na mimi sikusikia neno, na mimi nilipiga kelele na wewe ukawa unaonyesha sikio lako. Basi umejua ninavyoishi.

Usiogope, Mireille. Hofu ni kama mgeni asiyeaga. Ukimwekea kiti, anahamia.

Babako

*

Harlow, Maine
12 Desemba 2011

Baba,

Salamu. Sisi wazima. Wewe je? Safari hii nauliza kwa kutaka jibu.

Jumapili tatu nimesimama peke yangu. Ya kwanza nilisema ni upepo. Ya pili nilisema pikapu imegoma. Jana nilimwona Odette akikubebea kuni ndani. Wewe, kubebewa kuni na mwanamke wa miaka sabini! Nikampigia. Akasema, "Muulize babako, mimi nimeapishwa," akakata. Odette akakata simu, Baba! Nikajua kuna jambo.

Leo asubuhi nilitembea hadi daraja linapoanzia. Nilisimama pale na viatu vyangu vya theluji nikiliona paa letu. Hatua mia tatu. Dwight alinikuta, hakunishika mkono, alisema tu, "Ukivuka, nitakungoja, hata miaka." Nikarudi nikilia, na sijui nilirudi kwa ajili yake au kwa woga.

Sikiliza. Ruhusa yangu ya kusafiri bado miezi. Lakini ipo ya dharura, ikiwa mzazi ni mgonjwa sana. Inatakiwa barua ya daktari tu. Ikiwa unaumwa, itume. Ikiwa huumwi, simama kwenye gati nikuone. Nakuomba kwa jina la mama.

Mireille

*

Mill Cove
21 Desemba 2011

Mwanangu,

Heri ya Noeli kwako na mkwe wangu.

Ni mafua. Kifua kimekaza kidogo na daktari hataki nisimame kwenye baridi, basi. Barua ya nini? Nimwombe mtu mzima na shahada yake aandike kwamba Alcide anapiga chafya? Kisha kule kwenye ofisi yao waseme, huyu ndiye yule mzee mchekeshaji wa darajani, sasa ameleta kichekesho kingine. Nilikuharibia mara moja kwa mdomo wangu. Sikuharibii mara ya pili.

Na usithubutu kuvuka. Ukivuka kwa ajili yangu, sitakufungulia mlango.

Babako

*

Mill Cove
9 Januari 2012

Mireille mwanangu,

Barua hii hukuipata kwa posta. Anakuletea Odette mwenyewe, yeye aliyeapa hatalipia pasipoti ili akanunue siagi ng'ambo. Kumbe alipiga picha yake tangu Novemba bila kuniambia. Mpe chai, na umsifie ile picha.

Anaandika yeye, mimi nasema. Mkono umechoka.

Ndani kuna bahasha nyingine, imefungwa. Ni ya daktari. Nilikuwa nayo tangu kabla ya Noeli. Niliificha kwa sababu niliogopa, si maafisa. Niliogopa kwamba ukiisoma, itakuwa kweli. Mpelekee afisa kama ilivyo. Usiifungue, mama yangu. Hilo tu nakuomba.

Nilisema sitakufungulia mlango. Mlango haujafungwa.

Babako

*

Harlow, Maine
11 Januari 2012

Baba yangu,

Nakusalimu kwa moyo wote. Barua hii haiendi posta. Naibeba mkononi, utaisoma nikiwa nimekaa kitandani pako, kwa kuwa nikiyasema haya hutasikia.

Leo tumeendesha mwendo wa saa nne mpaka ofisi yao ya uhamiaji. Njia nzima Dwight alikuwa akinijaribu kwa maswali, na mimi nikijibu: kwa nini ulisema unakuja kutembea, babako alimaanisha nini. Nilikuwa tayari kugombana, kupiga magoti, chochote. Wakili ameniambia hata nikipata hiyo karatasi, siku ya kurudi wanaweza kunikataa palepale darajani. Nimekubali. Dwight naye amekubali.

Sikuifungua bahasha, Baba. Nilikutii. Nilimpa mama mmoja wa dirishani, mzee kidogo, mkali wa uso. Aliifungua akasoma, akarudia kusoma. Mimi nilikuwa namtazama macho.

Hakuniuliza kuhusu Septemba. Hakuniuliza kuhusu kabati wala utani wako. Aliinuka akaenda ndani, na baada ya dakika ishirini akarudi na ruhusa, imeshagongwa muhuri, ambayo watu huingoja miezi mitatu. Akaisukuma chini ya kioo, akaushika mkono wangu.

"Usingoje kesho," akasema.

Nakuja, Baba.

Binti yako,
Mireille