Pumzi Kabla ya Ubeti

Tukuyu, Ijumaa, mwezi wa nne

Mpendwa dada Atu,

Shikamoo. Mvua haijakatika tangu Jumatatu na nguo hazikauki. Nimekaa kitandani kwako kwa sababu changu kimejaa vitu vya shoo ambavyo meneja amevituma kutoka Mbeya. Gauni limekuja moja tu. Zamani yalikuwa yanakuja mawili, na wewe unachagua kwanza.

Kesho jioni natakiwa kupanda jukwaani Mbeya. Mabango yamebandikwa mpaka kwenye nguzo za umeme hapa stendi, yana picha yetu sote wawili na maneno kwamba Atu na Tumpe wamerudi. Watu wananisimamisha kunipongeza. Wanajua kwamba ulifariki, wengine walikuja Masukulu kukuzika, lakini wanasoma "wamerudi" na hakuna anayeshangaa. Mpango ni kwamba sauti yako itatoka kwenye spika, picha yako kubwa itakuwa nyuma yangu, na mimi nitaimba sehemu yangu kama siku zote. Wanauliza mbona sina furaha. Nimejaribu kuwajibu mmoja mmoja nimeshindwa. Kwa hiyo nakuandikia wewe, nao wakitaka wasome.

Unakumbuka mwalimu wa kwaya alivyotugawa pale kanisani Masukulu? Wewe ulikuwa mkubwa, akakuweka sauti ya kwanza. Mimi nilikuwa mdogo kuliko wote, akanitupa sauti ya pili, nikajaze nafasi. Kila sauti ilijifunzia mahali pake. Nyinyi mlikuwa ndani mbele ya madhabahu, sisi wa sauti ya pili tulikuwa nje kwenye migomba, na tulikutana Jumamosi tu kuunganisha. Ndiyo maana mpaka leo sijui kuimba wimbo wowote kama watu wengine wanavyoujua. Naujua kwa upande wa ndani, kama mtu anayelijua koti kwa bitana yake.

Mwalimu alikuwa anaongoza huku amefumba macho, hivyo sikujisumbua kumwangalia. Nilikuwa nakusikiliza wewe. Kabla ya kila ubeti ulivuta pumzi kwa pua, kwa nguvu kidogo, kama mtu anayenusa chai ya tangawizi. Ukimaliza kuvuta, na mimi naingia. Hakuna aliyetufundisha hivyo. Pasaka ile ulipokuwa na mafua, ukavuta kwa mdomo bila sauti, mimi nikabaki nyuma nikaharibu wimbo mbele ya wageni wote.

"Tumpe, umelala?" mwalimu aliuliza.

Ukajibu wewe: "Ni mafua yangu, mwalimu."

Kwaya nzima ilicheka. Hawakuelewa mafua ya dada yanawezaje kumkosesha mdogo wake. Nasi hatukuwaeleza.

Halafu akaja yule kijana wa bodaboda wa Isongole aliyekupenda. Hakuwahi kusema neno. Alileta gunia la viazi, akalishusha mlangoni, akamsalimia mama, akaondoka. Wiki iliyofuata akaleta jingine. La tatu mama alilipokea kwa mikono miwili akasema, "Huyu mtoto hajui kuongea, lakini kulima anajua." Ulicheka mpaka ukakaa chini. Jioni ile ile, tukimenya viazi vyake, ukaanza kuimba habari za msichana anayeletewa viazi badala ya barua. Mimi nikaingia chini yako bila kufikiri. Hivyo ndivyo ulivyozaliwa wimbo wetu "Gunia la Viazi". Wanahabari wametuuliza mara nyingi tuliutunga wapi, tukasema studio, kwa sababu ulisema jikoni hakuna hadhi.

Tuliurekodi hapa Tukuyu kwa yule mtengeneza kadi za harusi aliyekuwa na kompyuta na maiki moja chumba cha nyuma. Alitundika mablanketi ukutani, ila bati la juu hakuwa na la kulifanya. Mvua ikinyesha tulikaa tukila karanga. Ikikatika anapiga kelele, "Haya mabinti, imekata, upesi!" tunakimbilia ile maiki moja, shavu langu kwenye shavu lako. Ukisikiliza mwisho wa wimbo ule wa kwanza, mvua inaanza kurudi. Watu wa redio Mbeya walidhani tumeiweka makusudi wakatusifia ubunifu.

Baada ya hapo mambo yalikwenda mbio. Wimbo ulipigwa kwenye mabasi, kwenye saluni, kwenye harusi za watu ambao hawajawahi kufika Rungwe. Tulipiga video kwenye mashamba ya chai, wale akina mama wachumaji wakatucheka kwa viatu vyetu virefu kwenye tope. "Nyinyi, mmekuja kuchuma au kuanguka?" Ukaanguka kweli. Walikuinua wao, na ndiyo sehemu ambayo watu waliirudia zaidi. Tukaenda Iringa, Dodoma, mwisho Dar es Salaam. Mimi niliogopa lifti. Ulinishika mkono kila ghorofa.

Dar es Salaam ndipo walipotutenganisha kwa mara ya kwanza. Studio ilikuwa kubwa, kila mmoja akawekwa kwenye chumba chake cha kioo. Nilikuona mdomo unafunguka, lakini kwenye hedifoni nilisikia biti tu na sauti yako, pumzi hazikupita. Nilichelewa mara sita. Prodyuza akasema kwa upole kwamba kitaalamu kila sauti hurekodiwa peke yake.

"Basi andika kwamba sisi hatujasoma," ulimwambia. "Mlete huku."

Wakanileta. Nilijua baadaye, kwa meneja, kwamba siku ile walikuita pembeni wakakushauri uimbe mwenyewe, kwamba waitikiaji wapo wengi. Hukuniambia. Uliniambia twende tukale chips.

Dada, ulipoondoka niligundua kitu cha kuchekesha. Mwezi wa pili baada ya mazishi nilipita Isongole kununua viazi, mama mmoja muuzaji akanitambua. Akawaita wenzake. "Tuimbie kidogo, mwanangu, tukupoze na sisi tupoe." Nikaona aibu kukataa. Nikaimba. Walisikiliza kwa heshima, kisha yule mama akaniambia polepole, kama anayemsahihisha mgonjwa, "Mwanangu, siyo huo. Ule wa viazi."

Nilikuwa naimba huo huo. Nilikuwa naimba sauti ya pili, peke yake, kama ninavyoijua. Nilijaribu pale pale kuimba yako. Maneno nayajua yote. Lakini kila nikifungua mdomo, kinachotoka ni changu. Wale akina mama wakaanza wenyewe kuuimba, sauti ya kwanza, wote, vizuri kabisa. Nchi nzima inaweza kuimba kama wewe isipokuwa mimi.

Meneja si mtu mbaya, unamjua. Alilala Masukulu siku nne za msiba, akachota maji. Alipokuja na wazo la sauti yako kwenye spika alikuja analia. Alisema watu wanahitaji kukuaga. Nilikubali nikiwa bado nakaa mkekani. Pale mkekani ningekubali lolote.

Jumanne tulifanya mazoezi. Fundi wa sauti alitumia ule wimbo wa viazi tuliourekodi upya mwaka juzi na bendi, maiki mbili chumba kimoja, akatoa sauti yako peke yake. Biti likaanza, halafu ukaimba ghafla, kama taa iliyowashwa. Mimi nikabaki mdomo wazi. Akarudia. Nikabaki tena. Mara ya tatu akazima.

"Sister, unachelewa."

"Hajavuta pumzi," nikasema.

"Nani?"

"Dada yangu."

Alimtazama meneja, kisha akanieleza kwa adabu kwamba zile pumzi amezisafisha zote. Kwenye spika kubwa zinasikika kama makelele. Akaniwekea kidude sikioni cha kunihesabia: moja, mbili, tatu, nne. Nikaingia. Ubeti wa pili nikaingia. Wimbo ukaisha bila kosa hata moja, vijana wa bendi wakapiga makofi, meneja akafuta macho akasema, "Tumpe, ni kama yupo."

Hapo ndipo mlango ulipofungwa, dada. Ningeshindwa siku ile ningekuwa huru. Wangesema maskini, hawezi, tumwache. Lakini niliweza. Naweza kuimba na wewe bila wewe, wamehakikisha, na sasa sina sababu ya kuwapa.

Wakati wanakusanya vyombo nilimwomba fundi anisikilizishe ile ya mwanzo, kabla hajaisafisha. Nilitaka tu kukusikia ukivuta. Akanivalisha hedifoni.

Haikuwa pumzi niliyoijua. Ulikuwa unavuta mara mbili. Ya kwanza haitoshi, unaongeza nyingine fupi, ya haraka, halafu unaimba. Kila ubeti. Ubeti wa mwisho ni tatu. Na baada ya kila moja nasikika mimi, naingia vizuri, kwa wakati wake.

Nikaikumbuka siku yenyewe. Nilikulalamikia. Nilisema, "Dada, mbona leo unakimbia? Unakimbilia wapi?" Ukacheka ukasema, "Nakimbilia nyumbani, nimeacha viazi jikoni." Wote wakacheka. Mimi pia. Miezi miwili baadaye daktari alituambia moyo wako umepanuka, na kwamba ugonjwa haukuanza jana.

Kila aliyekuja kunipa pole aliniambia hakuna ambaye angeweza kujua. Mama aliniambia, mchungaji aliniambia, meneja aliniambia. Niliwaamini mwaka mzima. Lakini mimi nilikuwa na njia ya kujua. Kazi yangu tangu utoto ilikuwa kusikiliza pumzi yako, sikuwa na kazi nyingine. Nilisikia imebadilika, nikaharakisha ili nisichelewe. Basi. Sikuuliza. Na kesho watanipigia makofi kwa sababu sichelewi.

Juzi nilikwenda kwa mama kumwambia kwamba sitapanda. Nilikuwa nimepanga maneno njiani. Nilimkuta anapiga pasi kitenge chake cha sikukuu kwa pasi ya mkaa. Unajua mama hajawahi kuja kwenye shoo yetu hata moja. Daima ilikuwa ng'ombe, au mguu, au anaogopa watu wengi.

"Gwe, wewe Tumpe, Jumamosi tunaondoka saa ngapi?"

"Na ng'ombe, mama?"

"Nimemwachia jirani." Aliendelea kupiga pasi. "Miaka yote namsikia yule kwenye redio inayokwaruza. Nataka nimsikie kwenye hizo spika kubwa mnazosema."

"Mama, hatakuwa yeye. Itakuwa mashine."

Akaiweka pasi pembeni. "Nilimwosha kwa mikono yangu, gwe. Najua aliko. Nataka kusikia tu."

 Nikamuuliza atavaa viatu gani.

Leo asubuhi nilimpigia fundi. Nikamwomba arudishe pumzi zote kama zilivyokuwa, mbili mbili na zile tatu za mwisho. Alisema watu watadhani spika ni mbovu. Nikamwambia wadhani. Akampa simu meneja. Nyuma ya meneja nikawa nasikia mvua ya kwao Mbeya. Mwisho akasema, "Ubeti wa kwanza tu, Tumpe. Nyingine utahesabiwa." Nikamshukuru.

Kwa hiyo kesho ubeti wa kwanza nitaingia kwa pumzi yako, ile ya kuugua, mbele ya watu wote. Wao watasikia makelele kidogo. Mama atakuwa mstari wa mbele na kitenge chake. Ulipokuwa mchanga alikubeba mgongoni, huenda atajua kwamba pumzi hiyo si nzima. Sijamwambia. Amekuja kulala hapa ili kesho tuondoke pamoja, na leo nzima nimejaribu kumwambia, lakini kila nikifika mlangoni kwake ananionyesha hereni, ananiuliza zipi zinafaa. Akinitazama kesho kutoka pale chini nami nimeshika maiki, sitaweza kugeuza uso.

Sikudanganyi kwamba baada ya hapo nitapumzika. Meneja ameshaanza kutaja Iringa na Dodoma. Kila mji tuliokwenda wawili nitakwenda na wewe kwenye kompyuta ya fundi, na kuanzia ubeti wa pili nitahesabiwa. Sijui kukataa. Ningejua sauti ya kwanza ningekataa kwa sauti kubwa.

Sikuombi msamaha hapa, kwa sababu ungenijibu kwa utani na mimi ningecheka, kama siku ile. Nataka tu ujue kwamba nimesikia. Nimechelewa, lakini nimesikia.

Watu wakinitaja siku hizi hunitaja pamoja na wewe, na ni haki yao, ndivyo walivyotujua. Wewe peke yako ndiye uliyenijua kabla ya wimbo wowote, nikiwa mtoto tu ninayelala upande wa ukutani. Huko uliko, nikumbuke.

Mdogo wako,
Tumpe