Nilimjibia Mama Mkwe "Ndiyo" Kila Swali

Mpendwa mshauri,

Naomba msaada wako, ila kabla ya shida yenyewe ujue kwanza unaongea na nani, maana mimi si mtu wa kuhurumiwa ovyo: mimi nimezaliwa na bahati ya safari, viza yangu niliiomba mtandaoni mwaka juzi nikiwa nimekaa juu ya rundo la sponji, mguu juu ya mguu, na ikaingia kwenye simu kabla chai haijapoa. Niliichapisha, nikaipiga laminesheni, nikaitundika karakana kwangu juu ya cherehani, na tangu siku hiyo mtaa mzima unaniita Balozi. Safari yenyewe sikwenda kwa wingi wa kazi, makochi hayajishoni yenyewe, lakini viza si ilitoka? Ilitoka.

Sasa mshauri, shemeji yangu, mdogo wake mke wangu, anaishi ng'ambo na ana mimba ya mapacha, madaktari wamempangia upasuaji tarehe kumi na nane mwezi ujao, mumewe ni baharia yuko kazini, hana mtu wa kumshika mkono, basi amemkatia mama yake tiketi ya ndege. Mama mkwe wangu ni mkunga mstaafu, nusu ya mtaa huu imelilia mikononi mwake, wanangu watatu wakiwemo. Akaja karakana, akakaa kwenye kochi la wateja, akatazama ukutani, akasema, "Baba, wewe haya mambo unayajua. Nijazie na mimi."

Ningemwambiaje? Nikamwambia, "Mama, hiyo kazi ya dakika kumi. Wewe kafunge mizigo tu."

Nisikufiche, ile fomu ni adui wa binadamu. Ukifika ukurasa wa tatu inakurudisha wa kwanza, ukigeuka kumeza mate imeshakutoa nje, picha inasema kubwa, ukiipunguza inasema ndogo, na kila kitu kiko kwa lugha ambayo mimi naijua ya kusalimia na ya kuuzia makochi tu. Nikafika mahali pana maswali kumi na moja ya ndiyo au hapana. Mimi nimelelewa, mshauri. Ukienda kuomba kitu kwa wenyewe huwezi kukataakataa kila unachoulizwa, utaonekana una kiburi, kwa hiyo kwa heshima ya mama nikabofya ndiyo kote, la kwanza mpaka la kumi na moja, nikatuma, na jioni nikamwambia imetoka, nangoja kuichapisha tu.

Juzi nikafungua barua pepe yao, ndefu, nisiielewe. Nikamwonyesha mwalimu aliyekuja kuchukua viti vyake. Akasoma, akavua miwani.

"Balozi, huyu mama ni nani?"

"Mkwe wangu."

"Umewaandikia kwamba mkweo amewahi kufungwa, amewahi kufukuzwa nchi za watu, ana ugonjwa wa kuambukiza, na amekuwa kwenye kundi lenye silaha."

Mkunga wa watu, mshauri! Wanataka maelezo ndani ya siku kumi na nne, na nne zimeshakatika. Naye kila asubuhi yuko kwenye lile kochi, amevaa viatu vya safari eti anavizoesha, ananiuliza, "Baba, bado ni wino tu?" kwa sababu nilimwambia mashine ya kuchapia imeishiwa wino. Mke wangu ameanza kunitazama kwa jicho la pembeni. Nimewaza mawili: nijaze fomu nyingine kwa barua pepe mpya, safari hii nibofye hapana kote, mambo yaishe kimyakimya, au nimwambie wamefunga mipaka. Lipi bora? Nijibu haraka, ila usinicheke mbele ya watu.

Balozi, fundi makochi

MSHAURI ANAJIBU

Balozi, barua yako nimeisoma mara mbili. Mara ya kwanza nilicheka, samahani. Mara ya pili nilitamani kukufuata huko karakana na rula mkononi. Nilikujibu kwa simu siku ileile, sikungoja gazeti, na hapa naichapisha kwa sababu akina Balozi mmejaa kila mtaa.

Najua hukuwa na nia mbaya, moyo unao. Lakini heshima gani hiyo ya kumjibia mtu mzima maswali kumi na moja bila kumuuliza hata moja, naye amekaa hatua tatu kutoka kwako? Kusema "mama, hapa sijaelewa" kungekuuma kwa dakika moja. Sasa kuna mwanamke mwenye mapacha tumboni anahesabu siku akijua mama yake anakuja, na wewe unasingizia wino!

Yale mawazo yako mawili yatupe. Mipaka haifungwi na fundi makochi. Na ukijaza fomu ya pili kinyemela, wale watu watakuwa na fomu mbili za pasipoti moja, hii inasema alifungwa, ile inasema hakufungwa. Hapo kosa lako litageuka kuwa uongo wake yeye, na litamfuata kila atakapogonga mlango.

Leo, nimesema leo, keti na mama, mkeo awepo, umwambie yote mpaka hilo la silaha. Usimung'unye. Mpigie na shemeji, aulize kama tiketi inasogezeka na atafute mtu wa akiba wa kukaa naye, maana hata mkifanya kila kitu sawasawa wanaweza kukataa, na ni haki yake kujua mapema. Halafu mwombe yule mwalimu awasomee maswali moja moja, mama ajibu kwa kinywa chake. Mwandike barua fupi kupitia akaunti ileile: fomu ilijazwa na mkwe asiyeijua lugha, majibu sahihi ni haya. Sahihi aweke yeye, si wewe. Ambatanisheni barua yake ya kustaafu na ya hospitali yenye tarehe ya upasuaji. Mkikwama, pigeni simu ubalozini kwao, ubalozi wa kweli. Siku kumi zinatosha kama hutazimaliza kwa maneno.

Na moja la mwisho. Miaka yote niliyosoma barua za watu wa safari, sijasikia viza iliyowahi kuishinda chai. Kinachokuja haraka namna hiyo ni taarifa kwamba maombi yamepokelewa. Hicho ndicho ulichokitundika, na nadhani unajua. Kabla hujafungua mdomo mbele ya mama, teremsha ile karatasi ukutani.

Siku mbili baadaye Balozi alinitumia ujumbe huu, na amekubali niuchapishe:

"Mshauri, nimemwambia. Halafu akasema, 'Kundi lenye silaha! Labda ule mkasi wangu wa vitovu,' akacheka peke yake, mimi na mke wangu hatukuthubutu. Kisha akavua vile viatu vya safari akaviweka chini ya kochi, na hapo ndipo nilipoumia. Barua imeenda jana, ametia sahihi mwenyewe, majibu bado. Shemeji amelia, ila tiketi imesogezeka siku nne. Ya ukutani nimeiteremsha. Na lile kochi la wateja nimelichana kwa chini, nikamtolea mama karatasi niliyoishonea humo mwaka juzi, kumbe kila asubuhi alikuwa ameikalia. Ni barua ya kunikataa. Kazi hazikuwa nyingi. Sijawahi kupata viza yoyote."