Filamu ya Kutazamwa Mara Mbili

Jumapili, 6 Februari 1955

Nimerudi senema, kichwa kinaniuma. Zanana ya leo, onyesho letu la wanawake watupu, ilijaa hadi ngazini, na hapana hata mmoja aliyetoka akijua kaona nini.

Filamu inaanza mke keshakufa. Moto, majivu, mume analia. Mara mke huyo huyo bibi harusi, anaimba. Mara mwanawe ana ndevu. Mara mwana huyo bado yumo tumboni! Kipi mwanzo, kipi mwisho — hatukuambiwa. Kihindi changu ni cha dukani, cha kuulizia kitambaa, lakini filamu ngapi nimezifahamu kwa macho tu na nikalia pale pa kulia. Hii hata pa kulia sikupajua.

Kiini chake ni hiki. Mwanamke wa sari nyekundu, uso kaufunika, anatoka mlango wa nyuma na kupanda gari la farasi la mwanamme. Mume anaambiwa: yule mkeo. Anamfukuza. Je, alikuwa yeye? Filamu haisemi. Taa zimewashwa, tumekaa kama tulioibiwa.

Siku zote tukitoka zanana njia nzima ni nyimbo na ubishi. Leo mabuibui yametawanyika kimya, kama watu wanaotoka matangani. Mdogo wangu Shemsa hakusema neno mpaka mlangoni kwangu hapa Malindi. Hapo kasema, "Dada, yule si yeye." Nikamwambia nenda kwako, mumeo anakungoja.

Mumewe Matar, karani wa forodha. Si mtu mbaya. Anasali, hampigi, nyumba haikosi kitu. Ila senema ni mara moja kwa mwezi, na kwa kumuaga. Shemsa alikubali sharti hilo tangu anaolewa.

Filamu imenichefua. Nalala.

Jumanne, 8 Februari

Kaja Bi Mwanakheri, mke wa mwalimu, kujaribu gauni lake. Kasimama mbele ya kioo changu na pini mabegani, ananisomesha. Ati ile ni filamu ya watu walioelimika. Ati anayetaka kufahamu yote kwa mara moja ni mtoto. Filamu yenye maana ni kama kitendawili.

Nikamuuliza: haya, aliyepanda gari ni mke au si mke? Kwanza kasema mke. Nilipofika kwenye pindo, kasema labda si mke. Alipovaa buibui lake, kasema hilo si muhimu.

Si muhimu! Mtu kafukuzwa kwake, kafa, kachomwa moto — si muhimu!

Na kitendawili anakijua yeye? Kitendawili ukishindwa unatoa mji, na jibu unapewa pale pale, kabla hujanyanyuka mkekani. Hapana aliyetega kitendawili kisha akazima taa na kwenda zake. Bi Mwanakheri hakufahamu kitu kama mimi nisivyofahamu. Tofauti yake ni kuwa mimi nnasema.

Alhamisi, 10 Februari

Matar naye kaiona jana, na wenziwe wa forodhani. Asubuhi kapita kwenda kazini, kanisalimu, kasimama barazani akataka kunihadithia. Kwake yeye hapana fumbo lolote: mke ndiye, kapanda gari, kavuna alichopanda. Wanawake ndio walivyo, shemeji, usichukie.

Nimechukia.

Alasiri kaja Shemsa. Anataka kwenda tena Jumapili. Nikamkumbusha sharti. Kasema Matar kamhadithia filamu ile mara tatu tangu jana, na kila mara anamaliza kwa kumtazama yeye. "Nataka nijue, dada. Nikijua nitanyamaza."

Nimekataa. Kaondoka bila ya kuaga.

Jumapili, 13 Februari

Nimekwenda naye.

Niandike kweli, maana hapana mwingine wa kusoma: sikwenda kwa ajili yake tu. Na mimi nlitaka kujua. Uongo wa kumpa Matar pia nimeutunga mimi — kuwa Shemsa anakwenda Chukwani kumtazama shangazi yetu Bi Mwatima, mgonjwa. Bi Mwatima mzima kama chuma, Mungu amzidishie.

Na mara ya pili, yote wazi! Mwanamke anayepanda gari ni mtumishi, kavaa sari ya bibi yake. Anaponyoosha mkono kushika mlango wa gari, mkono ule hauna bangili. Mke ana bangili mikono yote miwili tangu harusi hadi kufa. Mkono wenyewe unaonekana kwa muda wa kupepesa jicho. Ukipiga chafya umeukosa, na ukiukosa mke wa watu mzinifu.

Shemsa kalia njia nzima. Mimi hasira tu. Kama jambo wanalo, kwa nini wanalificha? Hadithi nzima umeifunga kwenye mkono mmoja, kisha asiyeuona mkono unamwita mjinga. Ukumbi leo umejaa kuliko Jumapili iliyopita — watu wale wale, wamerudi kuitafuta maana. Nasikia wameiongezea wiki mbili. Lazima waiongeze! Uchafu.

Ijumaa, 18 Februari

Nimetoka kwa Shemsa sasa hivi.

Matar aliwaalika chakula baada ya sala ya Ijumaa kaka yake Silima na wenziwe wawili. Nilikwenda kumsaidia Shemsa jikoni. Wanaume ukumbini, sisi nyuma ya pazia tunapakua wali. Mazungumzo yakaingia kwenye filamu. Matar kaianza upya: mke, gari, fedheha. Mmoja wa wageni akasema mume alikuwa mwepesi wa hasira. Matar akajibu kuwa mume alikuwa mvumilivu mno, yeye asingengoja hata asubuhi.

Nikamwona Shemsa anaweka upawa chini. Nikamshika mkono. Kautoa.

Akasema kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti ya kawaida, kama anayeuliza kama chumvi imekolea: "Hakuwa mke. Alikuwa mtumishi. Mkono wake hauna bangili."

 Kisha sauti ya Matar, taratibu. Kamuuliza bangili kaziona wapi, na siku ile alirudi akisema hakufahamu hata kitu kimoja.

"Mara ya kwanza hazionekani," Shemsa kasema. "Mara ya pili ndiyo —"

Akaziba mdomo kwa kiganja. Lakini lishatoka.

Wageni walikula haraka wakaondoka. Matar akaja jikoni. Kamuuliza lini, kasema Jumapili. Kamuuliza Chukwani je, kasema hakwenda Chukwani. Kamuuliza nani kampeleka.

Nlikuwa nimesimama hapo hapo, sinia mkononi. Shemsa hakunitazama. Kasema, "Nlikwenda peke yangu. Hata dada nilimdanganya."

Na mimi, mkubwa wake, nimekaa kimya.

Jumamosi, 19 Februari

Silima kaleta karatasi. Talaka moja. Haikutaja senema, imesema mke amenidanganya. Na hilo ni kweli, ndilo linalonikaba. Uongo ni wangu, talaka yake.

Shemsa yuko kwangu, analala kwenye kitanda cha marehemu mama. Hali kitu. Halii.

Jumatatu, 21 Februari

Bi Mwanakheri kaja kutoa pole. Kakaa, kanywa kahawa, kisha kasema: lakini unaona, Bi Wanu, filamu nzuri ndivyo ilivyo, lazima imsumbue mtu.

Nimemrudishia gauni lake, mkono mmoja umeshonwa na mmoja bado. Kashtuka. Nikamwambia aliangalie tena, mara ya pili atalifahamu.

Amekwenda. Nimejisikia vizuri kwa muda wa kama kutoka mlangoni hadi kwenye cherehani.

Alhamisi, 24 Februari

Nimeyasikia leo sokoni, kwa mke wa mmoja wa wale wageni. Matar kaenda senema tena jana. Kauona mkono. Na tangu asubuhi anawahubiria makarani wenziwe kuwa ile ni filamu ya hali ya juu, mtu asithubutu kuisemea mpaka aitazame mara mbili!

Nimeliacha kapu chini, nikaegemea ukuta. 

Mke wa kwenye kitambaa cheupe cha senema, huyo Matar kamtaka radhi mbele ya watu. Wa kwake yuko kwangu na eda.

Sikutaka kumwambia Shemsa. Nimemwambia. Kauliza tu: "Kasema hivyo? Mara mbili?" Kisha kaomba chakula. Kala sahani nzima ya wali, mara ya kwanza tangu aje.

Jumamosi, 26 Februari

Silima kaja alasiri na ujumbe. Matar yuko tayari kumrejea Shemsa, leo hii akitaka, kwa sharti moja: aseme nani kampeleka. Hasadiki kuwa alikwenda peke yake. Moyo wake, kasema Silima, unamwambia alikuwa mwanamme.

Shemsa kajibu kutoka ndani: "Mwambie nlikwenda peke yangu."

Silima kamuomba afikiri. Kasema akiendelea hivyo Matar ataongeza talaka ya pili. Shemsa karudia maneno yale yale.

Nikamvuta chumbani. Nimemwambia nitakwenda mimi kwa Matar, nitamwambia kila kitu, Chukwani, Bi Mwatima, yote. Kasema nikifanya hivyo Matar atamrejea, na kuanzia siku hiyo hatoruhusiwa kukanyaga kwangu maisha. Anamjua mumewe. "Nina dada mmoja," kasema. Nikamwambia na mume je. Kasema huyo keshamtazama mara mbili, na mara zote mbili ni yule yule.

Silima angali barazani. Kahawa ya pili nimempelekea, kauliza aende zake au angoje. Nimemwambia aningoje nivae.

Lakini buibui langu Shemsa kalikalia, hapo kitandani kwa mama, mikono kaifumbata. Nimeomba, nimegomba. Hasogei. Naandika huku namtazama, naye ananitazama, na Silima anakohoa barazani ili tujue kuwa bado yupo.